Dripu ambayo nesi hakuitundika

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mafia, Kirongwe. Ukishajulikana kwamba unasoma "mambo ya hospitali", hata kama kazi yako yote ni kuangalia bakteria kwenye visahani vya maabara, utaletewa kila kesi ya kijiji. Shangazi alisubiri nimalize uji, ndipo akaanza. Mjukuu wake wa miaka miwili alikuwa amezidiwa na homa wiki chache nyuma, wakamkimbiza usiku kwa pikipiki. Mtoto amelegea, miguu ya baridi, anahema mbiombio.

"Sasa mwanangu, unajua hata dripu hawakumtundikia? Wamemchoma sindano, wamemwekea ile mipira ya hewa puani, basi. Halafu yule nesi usiku kucha kazi yake ni kuja, anambonyeza kidole, anamshika miguu, anaandika, anaondoka. Baada ya muda anarudi tena, anambonyeza kidole, anaandika, anaondoka. Dripu hamna!"

Tunaongea hivyo, mtoto mwenyewe yuko uani anafukuza kuku. Lakini kupona kwake hakukulifuta lile lalamiko. Na si shangazi peke yake. Kwetu sisi dripu ndiyo muhuri wa kwamba umetibiwa. Mtu akitoka hospitali huulizwa alitundikiwa ngapi, naye husema "tatu" kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani.

Nilimwahidi shangazi jibu. Hili ndilo, limechelewa kidogo, na linapitia kwenye utafiti mmoja uliofanyika Kilifi, Muheza na miji minne ya Uganda, ambao nadhani ni kazi muhimu kuliko zote zilizowahi kufanywa Afrika Mashariki kuhusu mgonjwa mahututi. Naupenda sana utafiti huu. Ndiyo maana nataka kuukosoa.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Sepsisi si jina la mdudu. Watu husema "damu imeingia wadudu" au "damu imepata sumu", na si maneno mabaya, ila yanaficha nusu ya habari. Maambukizi yanaweza kuanzia kwenye mapafu, mkojo, kidonda, au kizazi baada ya kujifungua. Mwili unajibu ili kujilinda, kisha jibu lenyewe linapoteza breki: mishipa midogo inalegea na kuvuja, presha inashuka, na viungo kama figo, ubongo na mapafu vinaanza kuzima kwa sababu damu haivifikii inavyotakiwa. Tafsiri rasmi iliyokubaliwa mwaka 2016 inasema hivyohivyo kwa lugha ngumu zaidi, yaani viungo kushindwa kazi kwa hatari ya kifo kwa sababu mwili umejibu maambukizi vibaya. Makadirio ya mwaka 2017 yalitaja wagonjwa milioni 48.9 duniani na vifo milioni 11, kama kifo kimoja katika kila vifo vitano. Zichukueni namba hizo kwa tahadhari, maana kwa nchi zetu zimetokana na hesabu za kompyuta kuliko vyeti vya vifo. Lakini hata ukizipunguza nusu, bado zinatisha.

Sasa, kama mishipa imelegea na inavuja, akili ya kawaida inasemaje? Jaza maji. Bomba likivuja, unaongeza maji kwenye tangi ili yafike juu. Hii siyo imani ya shangazi tu, ni mafundisho ya vitabuni. Mwaka 2001 Emanuel Rivers na wenzake wa Hospitali ya Henry Ford, Detroit, walichapisha jaribio la wagonjwa 263: waliopewa maji mengi, dawa za kupandisha presha na damu kwa kufuata vipimo ndani ya saa sita za mwanzo walikufa asilimia 30.5, waliopata huduma ya kawaida, asilimia 46.5. Dunia nzima ikainuka na kufuata. Kwa watoto, miongozo ya Marekani ya miaka ileile ilikuwa inaruhusu hadi mililita 60 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa ya kwanza. Mtoto wa kilo 10 ana damu kama mililita 800 hivi mwilini. Mililita 60 kwa kilo ni mililita 600. Hebu ipige picha hiyo.

(Baadaye, mwaka 2014 na 2015, majaribio matatu makubwa ya Marekani, Australia na Uingereza yaliirudia kazi ya Rivers na hayakuona faida yoyote ya ziada. Hiyo ni habari nyingine.)

Hapa ndipo anapoingia Kathryn Maitland, profesa wa Imperial College London aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome. Swali lake lilikuwa rahisi mpaka likawa kero. Huku kwetu, mahali ambapo hakuna mashine ya kupumulia wala chumba cha wagonjwa mahututi, watoto wengi walikuwa hawapewi maji ya haraka, kwa uhaba au kwa woga. Je, tukiwapa, tutaokoa wangapi? Lugha ya swali ilikuwa hivyo: tutaokoa wangapi. Jaribio likaitwa FEAST, kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayohusu kuongeza maji mwilini, ambacho kwa bahati mbaya husomeka "karamu".

Watoto walikuwa wa kuanzia siku 60 hadi miaka 12. Wote walikuwa na homa kali pamoja na kupumua kwa shida au kupoteza fahamu, na juu yake dalili angalau moja kwamba damu haizunguki vizuri. Hizo dalili zisome polepole, tutazirudia: ukibonyeza kucha, rangi inachukua sekunde tatu au zaidi kurudi; mguu una baridi kuanzia chini huku juu ni moto; mapigo ya kifundo cha mkono ni dhaifu; moyo unakwenda mbio kupita kiasi. Wakagawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu. La kwanza lilipewa albumini kwa haraka, la pili maji ya chumvi kwa haraka, kwa kiwango cha mililita 20 mpaka 40 kwa kila kilo, na la tatu halikupewa maji ya haraka kabisa, ila yale ya polepole ya kumtosha mtoto kwa siku. Mengine yote, dawa za malaria, antibayotiki, damu, sukari, oksijeni, yalikuwa sawa kwa wote.

Walianza Januari 2009 na walipanga kuandikisha watoto 3,600. Januari 2011, wakiwa na 3,141, kamati huru inayochungulia takwimu iliwaambia wasimame. Kwenye kundi la albumini walikuwa wamekufa asilimia 10.6 ndani ya saa 48. Kwenye maji ya chumvi, 10.5. Kwenye kundi lisilopewa maji ya haraka, 7.3.

Nimeziweka hizo namba kwenye kikokotoo mwenyewe. Watoto 2,097 walipewa maji ya haraka na 221 wakafa. Kama wangekufa kwa kiwango cha kundi la tatu, wangekuwa kama 153. Tofauti ni watoto 68 hivi. Hawakufa kwa uzembe wa mtu. Walikuwa kwenye mikono mizuri kuliko watoto wengi wa hospitali zetu, wakipewa kitu ambacho vitabu vyote vya wakati ule vilikiita tiba.

Jambo linalonikosesha usingizi zaidi lilitoka miaka miwili baadaye, mwaka 2013, walipochambua vifo vile kimoja kimoja. Baada ya saa moja, watoto waliopewa maji ya haraka walionekana wazuri zaidi. Dalili za mzunguko mbaya wa damu zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 yao, dhidi ya asilimia 32 ya wale wasiopewa. Daktari aliyekuwa pale kitandani angeapa kwamba dripu imefanya kazi, na mama angemshukuru Mungu. Kisha, saa kadhaa mbele, walewale walioonekana kupata nafuu wakafa zaidi. Na si kwa mapafu kujaa maji, ambalo ndilo jambo kila mtu alilitarajia. Wengi walikufa kwa moyo na mzunguko wa damu kuporomoka. Kwa nini hasa, mpaka leo watafiti wanabishana; uchambuzi wa 2019 ulielekeza kidole kwenye tindikali inayoongezeka kwa sababu ya chumvi ya dripu, pamoja na kuchoka kwa upumuaji na ubongo.

Wanafunzi wenzangu wa tiba, hapo pana somo ambalo halifundishwi kwa slaidi. Jicho la mzoefu linaweza kudanganywa, tena kwa mpangilio, kila siku, hospitali baada ya hospitali, na bila kundi la ulinganisho hakuna ambaye angejua.

Ripoti ilipotoka kwenye New England Journal of Medicine Mei 2011, wakosoaji walikuja juu, hasa kutoka nchi zenye ICU kila kona. Hoja zao nazipanga kwa uzito ninaoupa mimi. Walisema hii si sepsisi, ni malaria, maana asilimia 57 ya watoto walikuwa na vimelea vya malaria na karibu theluthi moja walikuwa na upungufu mkubwa wa damu. Ni kweli, na hata mimi naona neno "sepsisi" linatumika kwa ulegevu kila FEAST inapotajwa. Ila ukiwatenganisha wenye malaria na wasio nayo, wenye damu na wasio na damu, madhara yanaelekea upande uleule. Hakuna kundi dogo hata moja lililofaidika.

Wakasema pia kwamba watoto wale hawakuwa katika mshtuko wa kweli, kwa kuwa dalili moja tu ilitosha kuingia. Nayo ni hoja. Shirika la Afya Duniani lilikuwa linataka dalili zote kwa pamoja ndipo liite mshtuko. Basi wakahesabiwa waliotimiza sharti hilo: 65 tu kati ya maelfu. Waliopewa maji ya haraka walikuwa 50, wakafa 24. Wasiopewa walikuwa 15, wakafa 3. Namba ni ndogo, na mtakwimu mkali atakuzuia usizijengee nyumba, lakini kwa hakika hazimsaidii anayedai kwamba waliozidiwa zaidi ndio wanaohitaji maji zaidi.

Hoja ya tatu ndiyo inayonichekesha na kuniudhi kwa wakati mmoja: matokeo yasingekuwa hayo kama kungekuwa na mashine za kupumulia. Sawa, ndugu zangu. Na sisi Mafia tukiwa na mabawa tusingehitaji boti ya Nyamisati. Jaribio liliuliza ni nini kifanyike mahali pasipo na mashine, na mahali hapo ndipo wanapougua watoto wengi zaidi.

Nikija kwenye ukosoaji wangu, la kwanza ni dogo lakini la hatari. Watoto wenye utapiamlo mkali, wenye kuharisha na kutapika, walioungua na walioumia hawakuingizwa kabisa kwenye FEAST. Kwa hiyo mtu asisome makala hii akaenda kumzuilia dripu mtoto mwenye kipindupindu aliyekauka macho yamedidimia. Huyo anahitaji maji, tena upesi. Watafiti waliliandika hili wazi. Ila kadiri habari ilivyosafiri kutoka ripoti kwenda semina, kutoka semina kwenda wodini, nimeisikia ikifupishwa na kuwa "dripu zinaua watoto". Sentensi hiyo nayo inaweza kuua.

La pili ni shimo. Watoto wenye presha iliyoshuka vibaya waliwekwa pembeni, 29 tu, na wote walipewa maji ya haraka, wengine albumini na wengine maji ya chumvi. Zaidi ya nusu wakafa. Kundi la kutopewa halikuwepo, kwa sababu ilionekana si haki kumnyima mtoto kama huyo. Naelewa. Lakini maana yake ni kwamba kwa mtoto aliye mahututi kuliko wote, FEAST haina jibu. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi kwa watoto wa mwaka 2020 ulipita kwenye shimo hilohilo: unasema pasipo na ICU usitoe maji ya haraka, isipokuwa presha ikiwa imeshuka, hapo toa. Ushahidi wa hilo la mwisho ni mwepesi mno. Na kwa watu wazima habari si nzuri: jaribio la Lusaka lililochapishwa mwaka 2017, kwa wagonjwa wa sepsisi wenye presha ya chini, wengi wao wakiwa na VVU, lilikuta waliopewa maji kwa utaratibu wa kina, kama lita 3.5 ndani ya saa sita, walikufa asilimia 48.1 dhidi ya 33.0 ya waliopewa kama lita 2 kwa huduma ya kawaida.

La tatu ndilo kubwa, na ndilo lililonifanya niandike. Kila mtu, watafiti wenyewe wakiwemo, amekitazama kile kilichoua. Mimi naomba tulitazame kundi la tatu. Lile lililoitwa la ulinganisho, lile ambalo "halikufanyiwa kitu". Asilimia 7.3! Watafiti walipopanga ukubwa wa jaribio walitegemea vifo vingi kuliko hivyo, kwanza wakakisia asilimia 15, kisha wakashusha mpaka 11. Kwa watoto waliopoteza fahamu, wanaohema, wenye miguu ya baridi, kwenye hospitali za Soroti na Muheza zisizo na mashine hata moja ya kupumulia, asilimia 7.3 si "hakuna kitu". Kuna kitu kilifanyika pale.

Kilichofanyika kinapatikana kwenye sehemu ya ripoti ambayo watu huiruka. Kabla ya jaribio, wahudumu walifundishwa upya kutambua na kutibu mtoto wa dharura. Hospitali zilipewa vifaa vya msingi, oksijeni na vipimo vya kuangalia hali ya mgonjwa. Dawa zilikuwepo. Na mtoto alikuwa anarudiwa kuangaliwa: saa ya kwanza, ya nne, ya nane, ya 24, ya 48. Mtu alikuja, akabonyeza kucha, akashika miguu, akaandika.

Shida ni kwamba FEAST haiwezi kutuambia hayo yaliokoa wangapi, kwa kuwa makundi yote matatu yaliyapata. Hakukuwa na kundi lililobaki na hospitali kama ilivyokuwa jana yake. Kwa hiyo tiba bora kuliko zote ndani ya jaribio lile ndiyo pekee isiyopimwa. Simlaumu Maitland kwa kutopima kila kitu. Jaribio hujibu swali moja, na yeye alilijibu kwa ujasiri ambao wengi wetu hatuna. Baada ya hapo alikwenda kupima damu na oksijeni kwa namna ileile, majaribio makubwa ya Afrika kwa maswali ya Afrika. Ninachosema ni kwamba sisi wasomaji tulitoka na "usifanye hiki" tukaacha mezani "fanya hivi".

Na hata hilo la "usifanye" lilichukua muda. Mtoto wa mwisho aliandikishwa Januari 2011. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake wa maji kwa watoto wa dharura mwaka 2016. Miaka mitano.

Waliookota kile kilichoachwa mezani walikuwa wengine, na sehemu ya kazi yao ilianzia Dar es Salaam. Tim Baker na wenzake, wa Muhimbili na Taasisi ya Karolinska ya Sweden, walichapisha mwaka 2015 jaribio dogo lisilo na mbwembwe. ICU ya Muhimbili ilikuwa na vipimo, na wauguzi walikuwa wanaandika presha na mapigo kwenye karatasi. Ila namba mbaya ilikuwa inaandikwa tu, hakuna kinachofuata. Wakaweka utaratibu: namba ikivuka mstari huu, fanya jambo hili, sasa hivi. Dalili za hatari zilizojibiwa kwa tiba zikapanda kutoka asilimia 16.6 hadi 44.9. Kwa wagonjwa walioingia na presha ya chini, vifo vikashuka kutoka asilimia 92.3 hadi 69.6.

Nauheshimu utafiti huo, lakini haukugawanya watu kwa bahati nasibu. Ni kabla na baada, kwenye wodi moja, na ule ushindi mkubwa uko ndani ya kundi dogo. Tena jibu mojawapo la presha iliyoshuka lilikuwa kuongeza maji, jambo ambalo ukiliweka karibu na matokeo ya Lusaka linakuacha unakuna kichwa. Huenda kilichosaidia si maji bali kule kurudi kwa mgonjwa mara kwa mara. Huenda. Hatujapimiwa.

Kutoka hapo likazaliwa wazo kubwa zaidi, huduma ya msingi kwa kila mgonjwa mahututi, wa umri wowote, katika kila hospitali duniani, bila kusubiri ICU. Mwaka 2021 wataalamu 269 kutoka nchi 59 walikubaliana juu ya orodha: mambo 40 ya kufanya na mahitaji 67 ya hospitali. Mlaze kwa ubavu asiyejitambua. Mpe oksijeni aliyepungukiwa. Pima, rudi, pima tena. Na mwaka 2025 utafiti wa hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika, uliochapishwa kwenye Lancet, ulionyesha kwa nini orodha hiyo ina kazi: mgonjwa mmoja katika kila wanane waliolazwa alikuwa mahututi, asilimia 69 ya hao walikuwa kwenye wodi za kawaida, na zaidi ya nusu hawakuwa wakipata huduma hizo za msingi. Mmoja kati ya watano alikufa.

Lakini orodha ya makubaliano ni makubaliano. Wataalamu 269 wanaweza kukosea kwa pamoja. Ndivyo walivyokosea kwa pamoja kuhusu maji kabla ya FEAST. Na ukiisoma ukiwa Mafia unaona jambo lingine: hesabu yake inaanzia mlangoni pa hospitali.

Kwetu, mambo mengi yanaisha kabla ya mlango. Wilaya ina watu zaidi ya 66,000 na makao yake makuu ni Kilindoni. Mtoto wa Jibondo au Juani hutoka kwao kwa mashua, na mashua hufuata maji: bwawa linajaa au linatoka, na usiku wa kusi nahodha mwenye akili hang'oi nanga. Wa Bweni anakuja kwa barabara kutoka ncha ya kaskazini. Rufaa ya Dar ni ndege, au ni kuvuka mlango bahari hadi Nyamisati na kuendelea kwa gari. Sepsisi haina subira ya kiasi hicho. Kwa hiyo mtoto anayefika Kilindoni amefika, huo ndio mwisho wa safari yake kwa usiku ule, na kitakachomwokoa ni kile kilichomo ndani ya jengo lile: mtungi au mashine ya oksijeni yenye umeme, sindano ya malaria, antibayotiki, damu ikipatikana, na mtu aliye macho.

Ningependa kuona jaribio linalopima hilo la mwisho kwa ukali uleule wa FEAST. Chukua hospitali za wilaya, zigawanye kwa bahati nasibu, nusu ziongezewe wauguzi wa usiku na utaratibu wa kurudi kwa mgonjwa, nusu zisubiri zamu yao, kisha hesabu vifo. Si jaribio linalovutia kampuni ya dawa. Hakuna chupa ya kuuza. Pengine ndiyo sababu tunalo jaribio zuri la dripu na hatuna la nesi.

Nilirudi kwa shangazi kabla ya kupanda boti. Nikamweleza yote haya kwa kifupi: yule nesi hakuwa anapoteza muda. Kubonyeza kidole ni kuangalia damu inarudi baada ya sekunde ngapi. Kushika miguu ni kutafuta baridi imepanda mpaka wapi. Na kutotundika dripu ya haraka huenda ndiko kulikomsaidia mjukuu wake, ingawa kwa mtoto mmoja hakuna mwanasayansi anayeweza kuapa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Kumbe," akasema. "Na mle wodini walikuwa watoto wengi, mwanangu. Nesi alikuwa mmoja. Nilimwona alfajiri amekaa chini karibu na dirisha, kalamu bado iko mkononi, kasinzia."